Nimekariri orodha nzima ya phrasal verbs, mbona mazungumzoni zinanikimbia?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Kiingereza changu cha vitabuni si kibaya. Nasoma magazeti, naandika ripoti, na sarufi sikuwahi kufeli. Kinachonishinda ni phrasal verbs, vile vitenzi vinavyofuatwa na kijineno kama "up" au "over" na kupata maana nyingine. Nimekariri orodha ndefu, "get up", "get over", "get along" na wenzao wote, lakini watu wakianza kuongea haraka sishiki kitu, na mimi mwenyewe nikifungua mdomo narudi kwenye maneno ya kitabuni. Juzi kiongozi wangu kazini kaniandikia: "Can you look into it and get back to me before we wrap up?" Neno mojamoja nalijua, sentensi siijui. Je, kuna namna ya kuzielewa, au ni kukariri tu mpaka mwisho? Na ni kweli kwamba kwenye barua rasmi hazitakiwi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Kwanza nikutoe wasiwasi wa hiyo sentensi: kiongozi wako alikuomba ulichunguze jambo hilo na umpe majibu kabla hamjafunga kazi. Sasa itazame tena. "Look" haikuwa kutazama, "get" haikuwa kupata, "wrap" haikuwa kufungasha kitu kwenye karatasi. Vitenzi vyote vitatu vimeacha kazi yao ya kawaida, na wewe ulikuwa umesimama hapo hapo kwenye vitenzi ukisubiri vikupe maana. Orodha ndiyo iliyokuzoesha hivyo, kwa sababu imepangwa kwa kufuata kitenzi: ukurasa mzima wa "get", unaofuata wa "take", unaofuata wa "put". Mambo kumi yanayofanana sura yakikaririwa kwa mkupuo lazima yapandane. Kumbukumbu yako haina kasoro.

Wala hauko peke yako. Mwaka 1985 watafiti Dagut na Laufer waliwachunguza wanafunzi wa Kiingereza ambao lugha yao ni Kiebrania, lugha isiyo na vitenzi vya aina hii, wakaona wengi wanavikwepa na kuchagua kitenzi cha neno moja, hata pale ambapo Mwingereza angetumia phrasal verb bila kufikiri. Huko kurudi kwako kwenye maneno ya kitabuni ndiko huko.

Ila mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji ambao hakuna anayemwambia kuwa anao. Fikiria kitenzi "piga". Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga magoti, tunapiga chafya, na hakuna mtoto anayeuliza nani kapigwa. Tunakula kiapo, tunakula hasara, tunakula njama, na tumbo linabaki tupu. Kitenzi kimekuwa chepesi, kimemwachia mwenzake abebe maana. "Get", "put", "take", "go", "come" na "set" ndio akina "piga" na "kula" wa Kiingereza, tofauti ikiwa kwamba mwenzao ni kijineno kama "up", "off", "out" au "on". Basi hamisha macho. Acha kumwuliza "get" maana yake, kamwulize "up".

Kuna la pili, nalo kwangu ni kubwa zaidi. Kiswahili kinabadili maana ya kitenzi kwa kukigusa mwishoni. Ukihama unaondoka mahali, ukihamia unaingia mahali. Ukimkimbia mtu unamkwepa, ukimkimbilia unamfuata. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kipande kidogo tu cha sauti kimegeuza mwelekeo mzima wa tendo. Kiingereza kilipoteza sehemu kubwa ya uwezo wa aina hiyo, kikaweka vijineno vinavyosimama pembeni ya kitenzi na kufanya kazi inayokaribiana sana. Kwa hiyo kijineno kichukulie kama mnyambuliko ulioandikwa mbali kidogo na mzizi wake.

Tuanze na "up", maana ndicho chenye visa vingi. Maana yake ya kwanza ni juu, hiyo unaijua: "stand up", "go up". Lakini maana inayotawala mazungumzo ya kila siku ni ukamilifu, tendo kufika mwisho wake. "Eat" ni kula, "eat up" ni kula mpaka sahani iwe nyeupe. "Use up" ni kutumia mpaka kiishe. "Dry up" ni kukauka kabisa, "fill up" ni kujaza hadi juu, "lock up" ni kufunga milango yote kabla ya kuondoka. "Wrap up" ya kiongozi wako ni ya ukoo huu. Sikiliza pia "cut up" na "tear up": sisi tunasema katakata na chanachana, tunakirudia kitenzi mara mbili ili tendo lifike mwisho, wao wanabandika "up". Maana ya tatu ni kujitokeza, kitu kilichokuwa hakionekani sasa kipo mbele yetu: "turn up" na "show up" ni kutokea mahali, "bring up" ni kuibua hoja, "something has come up" ni kuna jambo limezuka, yaani samahani sitaweza kuja. Ya nne ni kusogea hadi kulingana na kitu: "catch up with" ni kumfikia aliyekutangulia, "keep up with" ni kwenda naye sambamba. Ukiwa na hizi nne, "up" nyingi utakazokutana nazo zitakuwa na mahali pa kukaa.

"Off" ni kutengana. Unavua koti, "take off your coat", koti limetengana na mwili. Ndege inaiacha ardhi, "the plane took off". Unashuka kwenye basi, "get off". Umeme unakatwa, "cut off". Ukizima taa, "switch off", umeitenga na umeme. Hata deni likilipwa likaisha, "pay off", limekubanduka. Kutoka hapo ni hatua fupi hadi kwenye mambo ya ratiba: "put off" ni kuliondoa jambo kwenye siku yake na kulipeleka mbele, "call off" ni kuliondoa kabisa. Watu huzichanganya hizo mbili na matokeo yake huwa makubwa. Mkutano uliokuwa "put off" utakuwepo siku nyingine; uliokuwa "called off" haupo tena.

Sasa hapa "off" inaleta ukorofi ambao lazima nikuonye. "The lights went off" ni taa zilizimika. "The alarm went off" ni kengele ya tahadhari ililia. Kitenzi kilekile, kijineno kilekile, moja imenyamaza na nyingine imepiga kelele. Bomu nalo "went off" maana yake limelipuka, na kwa Waingereza "the milk has gone off" maana yake maziwa yamechacha. Mantiki ipo ukiitafuta: kengele na bomu ni nguvu iliyokuwa imezuiliwa ikafyatuka, imetengana na kizuizi chake. Lakini sikudanganyi kwamba utaigundua mantiki hiyo saa kumi na moja alfajiri mtu akikuambia "my alarm didn't go off". Hizi chache zijue kwa sentensi zake.

"Out" ni nje, na kutoka nje kuna sura tatu. Kilichofichika kikitoka nje kinajulikana: "find out" ni kugundua, "work out" na "figure out" ni kupata ufumbuzi, "point out" ni kuonyesha jambo ambalo wengine hawakuliona, "it turned out that" ni ilikuja kubainika kwamba. Kilichomo ndani kikitoka chote, kimeisha: "we've run out of time" ni muda umetuishia, "the tickets sold out" ni tiketi zimenunuliwa zote, "I'm worn out" ni nimechoka sina hata nguvu. Na kikitoka kwa mmoja kikaenda kwa wengi, kinagawanywa: "hand out", "give out". Moto na taa nazo "go out", zinazimika.

"On" nje ya maana yake ya juu ya kitu ni kuendelea bila kukatika. "Go on", "carry on", "keep on", "move on", "drag on". Hata "hold on" na "hang on" za kwenye simu ni hizo hizo: endelea kushikilia, usiondoke. "Down" mara nyingi ni kupungua hadi kusimama, "slow down", "calm down", "shut down", "break down". Lakini pia ni kuweka jambo kwenye karatasi, "write it down", kwa sababu limeshuka kutoka hewani likatulia. "Over" ni kuvuka au kupitia kitu kizima: "get over" ugonjwa au huzuni ni kuvuka, "look over" ripoti ni kuipitia, "hand over" na "take over" ni kitu kuvuka kutoka mkono huu kwenda mkono ule. "Back", "away" na "through" utaziweza mwenyewe, hazina hila nyingi.

Je, kila phrasal verb itafunguka kwa ufunguo huu? Hapana. "Put up with", kuvumilia, sijaona maelezo yake yanayomsaidia mwanafunzi. "Make up" ni kutunga uongo, ni kupatana baada ya ugomvi, ni kuunda sehemu ya kitu kizima, na ikiongezewa "for" ni kufidia. Ukilazimisha mantiki kwenye kila moja utapoteza muda mwingi kuliko ambao ungeutumia kuzikariri. Kijineno kinakupa dalili tu. Mtu anayekisia akiwa na dalili hupatia mara nyingi kuliko anayekisia hewani, na akishapatia mwenyewe hasahau upesi.

Kuhusu wingi wake, punguza hofu. Kamusi za phrasal verbs zina maelfu, lakini hakuna anayezitumia zote. Watafiti Gardner na Davies walipopekua mkusanyiko mkubwa wa matini za Kiingereza cha Uingereza, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2007, walikuta vitenzi 20 tu vikiungana na vijineno 8 ndivyo vinavyobeba zaidi ya nusu ya phrasal verbs zote zilizomo. Tatizo walilolionyesha ni jingine: zile 100 zinazotumika sana zina maana 559 kamusini, wastani wa maana tano na ushei kwa kila moja. Ndiyo sababu ukifungua kamusi kutafuta "take off" unatoka umechanganyikiwa kuliko ulivyoingia. Mwaka 2015 watafiti wengine, Garnier na Schmitt, wakatoa orodha ya phrasal verbs 150 wakiweka zile maana tu ambazo watu wanazitumia kweli, na kwa nyingi ni moja au mbili. "Go on" ndiyo inayoongoza, inafuatiwa na "pick up". Orodha ya namna hiyo siikatai, kwa sababu imepangwa kwa matumizi. Ninayoikataa ni ile iliyopangwa kwa kufuata kitenzi.

Tuje kwenye mahali pa kumweka mtendwa, maana hapo ndipo wanaojua maana wanapojikwaa. Ukisema "I picked up the phone" ni sawa, "I picked the phone up" ni sawa pia. Lakini simu ikigeuka "it", njia ni moja tu: "I picked it up". Ukisema "I picked up it" umekosea, na kila anayesikia atajua. Kwa nini? Angalia lugha yako inavyofanya. "Nimeokota kalamu", lakini kalamu ikiwa imeshatajwa, "nimeiokota". Kiwakilishi kidogo hakikai nyuma ya kitenzi kama mgeni, kinaingia ndani. Kiingereza nacho, kwa vitenzi hivi, kinakiingiza ndani kati ya mzizi na mnyambuliko wake: "turn it off", "write them down", "call her back". Mtendwa akiwa mrefu, kinyume chake, kijineno husogea karibu na kitenzi ili msikilizaji asichoke kukisubiri: "turn off all the machines you were using this morning".

Lakini "look after them" haiwi "look them after". "Look into it" haiwi "look it into". Hizi hazitenganishwi, kwa sababu hapo "after" na "into" ni vihusishi halisi vinavyomshika mtendwa wao mbele. Utajuaje ipi ni ipi bila kamusi? Sikiliza mkazo. Katika "turn it off", sauti inapanda kwenye "off". Katika "look at it" au "look after them", sauti inapanda kwenye "look", na kihusishi kinamezwa. Kijineno chenye mkazo kinakubali kusogezwa. Kisicho na mkazo kimeganda. Kipimo hiki hakikosi mara nyingi, na kina faida ya kukufundisha kutamka.

Zile za maneno matatu, "put up with", "run out of", "look forward to", "cut down on", hazitenganishwi. Kwenye "look forward to" kuna mtego wa ziada: "to" yake ni kihusishi, kwa hiyo kitenzi kinachofuata kinapewa "-ing". "I look forward to hearing from you", si "to hear". Kosa hili naliona kwenye barua za watu wasomi sana, tena mstari wa mwisho kabisa juu ya sahihi.

Umesema watu wakiongea haraka hushiki kitu. Hilo si suala la maana, ni suala la sikio. Tazama vijineno vyenyewe: up, off, out, on, in, over, away. Vyote vinaanza na irabu. Na katika usemi wa haraka, konsonanti ya mwisho ya neno linalotangulia huirukia irabu hiyo. "Pick it up" haisikiki maneno matatu, inasikika kama "pi-ki-tap". "Turn it off" inakuwa "te-ni-tof". "Put it on" kwa Mmarekani inakuwa "pu-ri-ron". Wewe unasubiri "up" uliyoiona kwenye karatasi, nayo imeshapita ikiwa imevaa "t" ya jirani. Zikariri kwa sauti zikiwa zimeungana hivyo, na kiwakilishi kikiwa ndani. Usijifunze "pick up". Jifunze "pick it up", kwa mdomo, kwa mkupuo mmoja. Silabi zetu za Kiswahili nazo ni konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, kwa hiyo kuunganisha namna hii hakutakusumbua kama kunavyowasumbua wengine.

Mahali pazuri pa kuanzia, kama ungeniuliza, ni simu. Mazungumzo ya simu yana phrasal verbs chache zinazojirudia kila siku, na ukizikosea unaweza kumuudhi mtu. Ukipiga na haipatikani, "I couldn't get through". Ikiita bila kupokelewa, "nobody picked up". Ukimpata katibu, atakuambia "I'll put you through", nakuunganisha, au "hang on a second", subiri kidogo. Sauti ikiwa ndogo unaomba "could you speak up?" Mtandao ukiwa mbovu, sauti ikija vipandevipande, "you're breaking up". Ikikatika yenyewe, "we got cut off". Ukiahidi kumpigia baadaye, "I'll call you back". Ukiahidi kumpa jibu, kwa simu au kwa maandishi, "I'll get back to you".

Ziweke mbalimbali "hang on" na "hang up". Ya kwanza ni subiri, ya pili ni kata simu, na imetokana na simu za zamani ambazo kipande cha kusikilizia kilitundikwa kwenye ndoano mazungumzo yakiisha. Ukimwambia mteja "please hang up" ukidhani unamwomba asubiri, atakutii, na hutampata tena. Na mtu akikukatia simu kwa hasira unasema "he hung up on me". Hapo sikiliza hiyo "on me". Ni ile "-ni-…-ia" yetu: kanikatia simu. Tendo limetendeka na mimi ndiye niliyeumia. Gari likizimika barabarani wao wanasema "the car died on me", sisi tunasema limenizimikia. Mwenza akiondoka na kumtelekeza mwenzake, "he walked out on her". Haya wanafunzi wengi huyaona maajabu, na Mswahili anayasema kila siku.

Mitego mingine michache niipitie harakaharaka. Fomu unaweza "fill in" au "fill out", maana ni moja, usitafute tofauti. "Look over" ni kupitia, "overlook" ni kupitiwa, kutokuona. Ukimwandikia mkubwa wako "I overlooked your report" umekiri uzembe. "Take over" ni kushika nafasi ya mtu, "overtake" ni kumpita barabarani. "Look up to" mtu ni kumheshimu, "look down on" ni kumdharau, lakini "look up" neno ni kulitafuta kamusini, na hapo heshima haihusiki. "Turn down" redio ni kupunguza sauti, "turn down" mwaliko ni kuukataa. Anayetendwa ndiye anayeamua, ndiyo sababu nasisitiza usikariri phrasal verb ikiwa uchi. Iandike na mtendwa wake wa kawaida: "turn down an offer", "put off a meeting", "bring up a point". Ukiiona yenye maana mpya, iandike upya kama neno jingine kabisa. Na moja ikikukimbia mazungumzoni, sema kwa namna nyingine uendelee. Anayekwama kuitafuta "put up with" huku mwenzake anasubiri angeshamaliza kwa "accept".

Suala la barua rasmi. Ulichosikia kina ukweli nusu. Baada ya Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya mabwana na mahakama, na Kilatini kikabaki cha kanisa na wasomi. Maneno yao yakapewa kiti cha mbele na maneno ya wenyeji yakabaki jikoni na shambani. Mpaka leo Kiingereza kina jozi: "postpone" na "put off", "investigate" na "look into", "tolerate" na "put up with", "extinguish" na "put out". Sisi tuliosoma Kiingereza darasani tumefundishwa sana upande wa kushoto wa jozi hizo. Wazungumzaji wazawa wanaanzia kulia. Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi wa Uingereza, aliliona mapema. Katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755 aliandika kwamba desturi hii ya kugeuza maana ya kitenzi kwa kukifuatishia kijineno ndiyo inayowapa wageni taabu kubwa kuliko zote.

Lakini kusema phrasal verbs zote ni za mitaani ni kosa. Makala za kitaaluma zimejaa "carry out research", "point out", "set up an experiment", na hakuna mhariri anayezifuta. Zipo za kawaida zinazofaa popote, na zipo za kijiweni. Kwenye barua ya kuomba kazi andika bila woga "I set up a new filing system", "I took over from the previous manager", "I followed up on late payments". Acha "sorted out", acha "messed up", na "put up with" iache kabisa, maana inakuonyesha kama mtu aliyekuwa akivumilia kazi yake. Kwenye ujumbe wa kila siku kwa wenzako kazini, geuza: "I'll look into it" inasikika kama mtu, "I shall investigate the matter" inasikika kama polisi.

Na ukiziandika, tenganisha maneno zinapokuwa vitenzi na uyaunganishe zinapokuwa nomino: "please log in", lakini "your login", "we set up the room", lakini "the setup", "back up your files", lakini "a backup". Mkazo nao huhama, kwenye nomino unakaa mwanzoni. Ukipata shaka, jaribu kuweka wakati uliopita: "he logged in" inawezekana, "he logined" haiwezekani, kwa hiyo kitenzi ni maneno mawili.